BMX ya flatilendi uliyoiunganisha mwenyewe: dalili, vyanzo na tiba

Hakuna BMX inayomuumbua fundi kama ya flatilendi, mchezo wa kufanya mbinu juu ya baiskeli kwenye uwanja tambarare. Mchezaji wake hakanyagi pedali tu. Anasimama kwenye pegi (bomba fupi la kukanyagia kwenye ncha ya ekseli) ya upande mmoja, anarudi kinyumenyume, anazungusha usukani mzunguko mzima, kisha uzito wake wote unakaa juu ya gurudumu moja. Ulegevu wa nusu milimita ambao mtu wa kwenda sokoni angeishi nao miaka, huyu anausikia chini ya unyayo tangu dakika ya kwanza.

Ukiwa umenunua fremu huku, habu (kitovu cha gurudumu) kule na krenki (mikono ya pedali) kwa mtu wa tatu, na baiskeli ikaanza kugonga au kuteleza siku ileile, kipuri kibovu kiwe cha mwisho kukishuku. Mara nyingi chanzo ni vipimo viwili visivyooana, au vipimo sahihi vilivyokazwa kwa mpangilio mbaya. Na ile dawa inayokimbiliwa na wengi, kuongeza nguvu kwenye spana, ndiyo inayoua beringi zilizokuwa nzima. Soma dalili, fanya jaribio lake, ndipo ushike spana.

Kalipa kabla ya spana

Fremu ya flatilendi ya siku hizi kwa kawaida ina bomba la krenki la aina ya midi: tundu laini lisilo na nyuzi, kipenyo cha ndani mm 41.2, upana mm 68 au 73. Beringi zake huchaguliwa kwa ekseli ya krenki, nayo huwa mm 19, 22 au 24. Kichwani kuna hedseti ya ndani, yaani mfumo unaoiruhusu forki kugeuka, yenye beringi za mm 41.8 zilizokatwa kwa digrii 45 juu na chini, na shina la forki la mm 28.6 linapita katikati yake. Nafasi ya habu ni mm 110 nyuma na mm 100 mbele. Ekseli ya nyuma ni mm 14, ya mbele mara nyingi ni inchi 3/8. Usukani unabanwa kwenye stemu (kishikio kinachouunganisha na shina la forki) kwa mm 22.2, pedali za krenki ya vipande vitatu zina nyuzi za inchi 9/16, na rimu ni mm 406, kipenyo cha pale tairi linapokaa.

Mambo mawili huwaponza wengi hapa. La kwanza ni tairi. "Inchi 20" peke yake haitoshi, kwa sababu tairi la 20 x 1.75 au 20 x 1.95 linakaa kwenye rimu ya mm 406, lakini la 20 x 1 3/8 linataka rimu ya mm 451, na kwenye ya mm 406 litapwaya bila kushika. Ukiona ukubwa umeandikwa kwa sehemu badala ya nukta, uliza kwanza. La pili ni pedali. Krenki ya kipande kimoja, ile ya baiskeli nyingi za watoto, ina nyuzi za inchi 1/2. Pedali hiyo ikiingia kwenye mkono wa krenki wenye tundu la 9/16 inacheza, na pedali ya 9/16 ikilazimishwa kwenye tundu la 1/2 inang'oa nyuzi. Kumbuka pia kwamba pedali ya kushoto inakazwa kinyume na saa.

Mbele panagonga

Bana breki ya mbele, au kama huna, egemeza tairi la mbele ukutani, kisha sukuma na vuta usukani taratibu. Weka kidole pale forki inapokutana na bomba la kichwa, nusu juu ya forki na nusu juu ya fremu. Kama ulegevu uko kwenye hedseti, kidole kitausikia kabla ya sikio. Hamishia kidole kwenye stemu, halafu kwenye habu. Sehemu hizi tatu hutoa mlio unaofanana kabisa, na watu hukaza hedseti wiki nzima wakati koni ya habu (nati inayobana beringi zake) ndiyo iliyolegea.

Ikiwa ni hedseti na kifuniko cha juu tayari kimefika mwisho, fungua uangalie shina la forki. Linatakiwa kuishia mm 2 hadi 3 chini ya ukingo wa juu wa stemu. Likiwa sawasawa na ukingo huo, kifuniko kinabana shina, hakibani stemu, na beringi hazipati mgandamizo wowote. Ongeza spesa (pete ya kujaza nafasi) ya mm 3 au 5. Usikate shina mpaka umehakikisha usukani uko kwenye kimo unachokitaka, maana chuma kikishakatwa hakirudi.

Ikiwa shina liko sawa, tafuta pete ya mgandamizo, ile yenye mpasuo inayokaa juu ya beringi ya juu. Upande wake uliochongoka unaelekea chini, ukizama kati ya beringi na shina. Ikigeuzwa au ikisahaulika kwenye kasha, forki itacheza daima. Na ikiwa pete ipo na imekaa vizuri, pima beringi zenyewe. Kuna beringi za mm 41.0 za baiskeli za aina nyingine ambazo kwa macho hazina tofauti. Ndani ya kikombe cha mm 41.8 zinayumba, na hakuna kukaza kutakakoziponya.

Mpangilio wa kukaza ni huu: legeza bolti za pembeni za stemu, kaza kifuniko mpaka ulegevu uishe na usukani bado uzunguke kwa uzito wake, nyoosha stemu na gurudumu, ndipo ukaze bolti za pembeni kwa zamu. Ukianza na bolti za pembeni, kifuniko hakivuti kitu. Ukizidisha kifuniko, usukani utaanza kujishika katikati kana kwamba kuna mfereji, na hiyo maana yake gololi zimeshachimba njia zake. Kulegeza hakurudishi kitu, badilisha beringi.

Haitulii kwenye gurudumu la mbele, au tairi linagusa fremu usukani ukigeuzwa

Hapa hakuna kilicholegea. Umechanganya vipuri vya BMX ya mtaani (ya aina ya "street") na fremu ya flatilendi.

Angalia forki kwanza. Forki ya BMX ya mtaani huwa inasukuma ekseli mbele ya mstari wa shina kwa takriban mm 32. Mchezaji wa flatilendi anatumia baiskeli huku forki imegeuka nyuma kwa muda mrefu, kwa hiyo ukigeuza usukani nusu mzunguko, ekseli ile inahama karibu mm 64 kuelekea kwenye pedali. Baiskeli inakuwa fupi ghafla, na tairi linaweza kugusa bomba la chini au ncha ya pedali. Kwa forki ya mm 15 uhamaji huo ni mm 30 tu, na zipo forki za sifuri ambazo hazibadiliki kabisa. Ndiyo maana fremu za flatilendi zina pembe ya kichwa iliyosimama, kati ya digrii 74.5 na 75.5 kwa kawaida: zimechorwa zifanye kazi na forki isiyosukuma ekseli mbele sana.

Krenki ndefu huleta dalili hiyohiyo. Mkono wa mm 175 ni wa mtaani, hapa weka mm 160 au 165. Na usukani wenye mkunjo mkubwa wa kurudi nyuma, digrii 10 hivi, unakupa mishiko miwili tofauti: mbele uko hivi, ukigeuka uko vile. Chagua ulionyooka au wenye digrii 1 au 2 tu. Hapa hakuna njia ya mkato. Kama bajeti inaruhusu kubadilisha kimoja, badilisha forki.

Krenki inagonga mara moja kila mzunguko

Ondoa cheni. Shika mikono yote miwili ya krenki ikiwa imelala na uitikise, mmoja juu na mwingine chini. Kisha itikise yote miwili kwa pamoja, kulia na kushoto. Ukisikia mgongano kwenye jaribio la kwanza, tatizo liko kati ya mkono na meno ya ekseli. Kwenye la pili, ni beringi. Ukimya kwenye yote mawili maana yake shuku pedali.

Mkono unaogonga kwa kawaida haukuingia mpaka mwisho. Baadhi ya krenki za vipande vitatu zina bolti mbili kila upande: moja ya mwisho wa ekseli inayouvuta mkono ndani, na nyingine ya pembeni inayobana. Ya pembeni ikikazwa kwanza, mkono unakwama njiani. Legeza ya pembeni, paka grisi kidogo kwenye meno, vuta mkono kwa bolti ya ekseli mpaka ukae, halafu bana. Fanya hivyo siku hiyohiyo, kwa sababu krenki iliyochezwa ikiwa inagonga hula meno yake, na meno yakishalika mkono na ekseli vyote viwili vinakuwa chuma chakavu.

Dalili nyingine inayochanganya sana: krenki inazunguka vizuri kwa mkono, ukimaliza kukaza bolti za ekseli inakuwa nzito na inasaga. Chanzo ni ile bomba ndogo ya katikati, kati ya beringi mbili. Kazi yake ni kushika nyuso za ndani za beringi zisisogezwe kuelekeana. Ikikosekana, au ikiwa ya fremu ya mm 68 na yako ni ya mm 73, kila unapokaza unazisukuma gololi pembeni mwa njia zake. Bomba hiyo iwe sawa kabisa na umbali wa kutoka uso wa ndani wa beringi moja hadi wa nyingine zikiwa zimekaa mahali pake. Ukibaki na ulegevu wa kulia na kushoto baada ya hapo, jaza kwa washa nyembamba nje ya beringi, upande mmoja au yote miwili, mpaka sproketi (gia ya mbele) ipite bila kugusa fremu.

Kuhusu kuingiza beringi: usipige kwa nyundo kwenye duara la ndani. Kila pigo linaacha alama kwenye njia ya gololi, na beringi mpya inaanza kusaga kabla haijatumika. Safisha rangi ndani ya bomba kwa msasa laini, paka grisi, kisha vuta beringi kwa fimbo ya nyuzi yenye nati na washa nene zinazosukuma duara la nje peke yake.

Cheni inakaza upande mmoja na kulegea upande mwingine

Zungusha krenki polepole ukiangalia cheni. Kama inakaza na kulegea mara moja kwa kila mzunguko wa krenki, sproketi haiko katikati. Tundu la sproketi nyingi ni mm 23.8, na ekseli ya mm 19 au 22 inahitaji pete ya kujaza nafasi. Pete hiyo ndogo huachwa kwenye pakiti mara kwa mara, kisha sproketi inaning'inia kwenye bolti yake moja. Iweke. Ulegevu mdogo ukibaki, legeza bolti nusu mzunguko, peleka krenki pale cheni inapokaza zaidi, igonge cheni kidogo kwa mpini wa bisibisi, kaza tena na rudia mpaka tofauti iwe ndogo. Kama kukaza na kulegea hakufuati mzunguko wa krenki, angalia draiva ya nyuma (gia ya habu inayovutwa na cheni) au pingili iliyoganda.

Urefu wa cheni una hesabu yake. Cheni ya kawaida hukatwa kwa jozi za pingili, mm 25.4 kila jozi. Kwa kuwa inapita juu na chini, ekseli inasogea nusu ya hapo, mm 12.7. Pingili nusu moja inasogeza mm 6.35. Fremu za flatilendi zina mabomba mafupi ya nyuma, mengine chini ya mm 330, na masikio ya ekseli yake ni mafupi, kwa hiyo bila pingili nusu unaweza kukosa kabisa mahali pa kukaza. Acha cheni ipande na kushuka karibu sm 1 katikati, pale inapokaza zaidi. Ikinyooshwa kama waya, frikosta yako (habu ya nyuma inayorudi nyuma bila kuzungusha krenki) itaanza kuleta matatizo yasiyo yake.

Frikosta

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapotokea, na ndipo inafaa kuelewa kilichomo ndani. Uchezaji wa kuviringika bila kusimama, ulioenezwa miaka ya 1980 na Kevin Jones wa York, Pennsylvania, pamoja na wenzake wa kundi la Plywood Hoods, uliwafanya wachezaji watake habu inayorudi nyuma bila krenki kuzunguka. Kwa habu ya kawaida ya kaseti, ukirudi nyuma krenki nayo inarudi, na pedali inakupiga muundi.

Ndani ya frikosta ya klachi, draiva ina nyuzi nene kama za skrubu, na juu yake kuna klachi yenye umbo la koni. Ukikanyaga mbele, nyuzi zinaisukuma klachi pembeni mpaka inajikaba ndani ya ganda la habu, na gurudumu linaenda. Ukirudisha pedali kidogo, klachi inajiachia, na gurudumu linaweza kurudi nyuma bila krenki kufuata. Lakini klachi itasogea tu kama kuna kitu kinachoizuia isizunguke pamoja na draiva, na kitu hicho ni springi ndogo ya msuguano. Matatizo mengi ya frikosta ni springi hiyo, au ni mafuta.

*Unakanyaga, pedali inazunguka bure, wakati mwingine inashika na wakati mwingine haishiki.* Springi haibani. Imepanuka, imevaliwa vibaya, au imetoka kwenye mfereji wake. Ndani ya habu klachi inazunguka pamoja na draiva kama kitu kimoja. Fungua, ikunje springi kidogo ibane zaidi, au weka mpya.

*Inashika, kisha inaachia kwa kishindo ukiweka nguvu.* Nyuso mbili za koni zinateleza. Angalia kama kuna grisi nzito juu yake, au kama zimeng'aa kama kioo. Safisha kwa petroli au dawa ya kuondoa mafuta, kausha kabisa. Grisi ni ya beringi, nyuso za klachi na nyuzi za draiva zinataka mafuta mepesi na machache, isipokuwa mtengenezaji wa habu yako ameagiza vingine. Kama nyuso ni safi na bado inaachia, pima ulegevu wa ganda la habu kulia na kushoto: koni zikilegea, ganda linasogea mbali na klachi wakati hasa wa kubanwa. Usiendelee kuichezea ikiwa hivi. Kuachia ghafla ukiwa umesimama juu ya pedali ni njia fupi ya kuvunjika jino.

*Unarudi nyuma, krenki inafuata.* Kuna vyanzo vinne, na uvifuate kwa mpangilio huu. Cheni imekaza mno: ilegeze na ujaribu. Habu ina grisi nyingi inayonata: izungushe gurudumu nyuma likiwa hewani, kwanza polepole kisha haraka, na kama krenki inafuata polepole tu bila kukwama, ni grisi. Nafasi ya kuachia ni ndogo mno, klachi inagusa ganda hata ikiwa imepumzika: ongeza nafasi kwa washa au kwa namna habu yako ilivyoundwa. Mwisho, beringi ya draiva imekufa na inaivuta draiva.

*Lazima ukanyage sana kabla haijashika.* Nafasi ni kubwa. Baadhi ya wachezaji huipenda hivyo, kwa sababu mguu unaweza kutikisika bila habu kushika. Kama si wewe, punguza kwa washa nyembamba, moja moja, na ujaribu kila mara. Usitake sifuri. Frikosta isiyo na nafasi kabisa inarudi kwenye ugonjwa uliotangulia.

*Mikononi inazunguka laini, kwenye fremu inakuwa nzito.* Hili huwafanya watu warudishe habu nzima dukani. Unapokaza nati ya ekseli, sikio la fremu linasukuma koni ya nje ndani. Kama koni haikufungwa na nati yake ya kufungia, au spesa inayokaa kati ya koni na fremu imesahaulika, kila mzunguko wa nati unakaza beringi. Rekebisha koni ukiacha ulegevu mdogo sana unaohisika kwa vidole, ifunge, halafu bana gurudumu. Ulegevu huo ukiisha mara tu nati zinapokazwa, umepatia.

Hakikisha pia upande wa draiva. Kuna habu na krenki za kulia na za kushoto, na habu ya upande mmoja haigeuzwi ifanye kazi upande mwingine, kwani nyuzi zake zitaiachia klachi badala ya kuikaba. Kuna habu chache zinazokubali kubadilishwa, lakini hizo husema waziwazi.

Gurudumu la nyuma linasogea, pegi inazunguka chini ya mguu

Kwenye baiskeli yenye draiva ya kulia, tairi likianza kugusa bomba la kushoto la nyuma, cheni imevuta upande wa kulia mbele. Chanzo cha kawaida ni rangi nene ndani ya masikio ya fremu: inabonyea chini ya nati, na mkazo wote unapotea. Ikwangue pale tu pegi na washa zinapokaa, futa mafuta, kaza nati za mm 14 kwa karibu Nm 40, kisha kaza tena baada ya kucheza mara ya kwanza. Kikazio cha cheni upande wa draiva ni kipuri kidogo cha bei ndogo, na kwa flatilendi tunakihesabu kuwa cha lazima.

Nati ya ekseli ya mm 14 hutumia soketi ya mm 17, na ya inchi 3/8 hutumia mm 15. Chagua soketi ndefu yenye kuta nyembamba pamoja na kiungo cha kurefusha, kwa sababu nati imekaa ndani kabisa ya pegi na soketi nene haitaingia. Pegi ikae moja kwa moja kwenye sikio la fremu, washa ndani ya pegi, nati mwisho. Kama pegi ya tundu la mm 14 imewekwa kwenye ekseli ya mbele ya 3/8 bila pete yake ya kujaza, itakaa upande na kulegea kila siku. Kama fremu na pegi zina tundu na pini ya kuzuia mzunguko, tumia pini hiyo. Pegi za alumini zinapozunguka hulika mpaka mkazo unakataa kukaa.

Breki inajibana usukani ukizunguka

Jairo ni kifaa kinachouruhusu usukani kuzunguka bila waya za breki kujisokota. Iliyopangwa vibaya inajulikana kwa jambo moja: zungusha usukani bila kugusa breki na utazame mikono ya breki kwenye rimu. Ikisogea, pete ya jairo haijalala sawa. Legeza waya wa juu kabisa na uutoe. Tumia skrubu za chini, zile za kwenye fremu, mpaka pete ilale mlalo, kisha rekebisha breki yenyewe. Rudisha waya wa juu, ukaze skrubu zake zote mbili kwa zamu mpaka ulegevu uishe lakini pete isinyanyuke. Zungusha tena, tazama tena, ndipo ufunge nati ndogo za skrubu. Kati ya jairo na stemu lazima kuwe na nafasi ya pete kupanda. Ukiwa umeshusha stemu ili usukani uwe chini, unaweza kuwa umeiziba nafasi hiyo.

Mkono wa breki unaofika kwenye gripu bila breki kushika kwa kawaida ni kava ya waya iliyokatwa ovyo. Ncha iliyopondeka inabonyea kila unapovuta. Kata kwa makali, sawazisha kwa tupa, fungua tundu la ndani kwa sindano, weka kofia za mwisho. Breki inayopiga kelele itake raba zilizoinama kidogo, mbele iguse kabla ya nyuma kwa tofauti ya mm 1 hivi, na rimu ifutwe kwa spiriti.

Spoki zinalia, tairi halizunguki sawa

Gurudumu jipya likitoa milio ya tiki-tiki dakika za kwanza, spoki zilikuwa zimejisokota wakati wa kukazwa na sasa zinajifungua. Zibane kwa mkono, mbili mbili, kuzunguka gurudumu lote, kisha linyooshe upya. Rudia mpaka kubana kusibadilishe kitu. Ukiwa na breki, rimu isiyumbe zaidi ya nusu milimita. Ili kujua kama rimu iko katikati ya habu, weka gurudumu kwenye fremu, pima nafasi ya tairi kila upande, litoe, ligeuze na upime tena. Spoki inayotokeza nje ya nipeli ndani ya rimu ikatwe au ipigwe tupa, la sivyo tyubu itatoboka kila wiki mahali palepale.

Baiskeli inayohisi nzito na inayogoma kupinda kwenye gurudumu moja mara nyingi ina upepo mdogo. Matairi ya flatilendi ya upana wa 1.75 hadi 1.95 huchezwa na wengi kwenye psi 100 hivi, takriban bar 6.9. Soma namba kwenye ukuta wa tairi na kwenye rimu, ufuate iliyo ndogo. Tyubu za BMX huwa na valvu kama ya gari, kwa hiyo pampu ya kituo cha mafuta inaingia, lakini jaza kwa vipindi vifupi sana, maana tairi dogo hujaa haraka kuliko geji inavyoweza kuonyesha. Kabla ya kufika juu, simamisha psi 40 na uzungushe gurudumu: mstari mwembamba ulio kando ya tairi uwe na umbali uleule kutoka ukingo wa rimu pande zote. Ukizama mahali, toa upepo, paka maji ya sabuni pale, na uanze upya.